Msanidi programu hupimwa pale anapoambiwa kuna kasoro

Mwaka 2007 wasanidi wa Linux, mfumo endeshi wa kompyuta unaoandikwa na watu wengi kwa pamoja, walilazimika kuchagua kati ya kazi mbili zilizokaribiana sana. Zote zilitatua tatizo moja: namna keneli, ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, inavyoigawia muda wa prosesa kila programu pale nyingi zinapotaka kufanya kazi kwa pamoja. Mgao ukiwa mbaya, muziki unaousikiliza hukatika-katika na kishale cha kipanya huganda kwenye kioo kila kompyuta inapopata kazi nzito. Kazi ya kwanza ilitoka kwa Con Kolivas, daktari wa dawa za usingizi wa Australia, aliyejifunza mwenyewe kuandika programu na ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akitetea kompyuta za watu wa kawaida zisikwame namna hiyo. Ya pili aliiandika Ingo Molnar, mtunzaji wa siku nyingi wa sehemu hiyohiyo ya keneli, kwa muda wa saa 62 hivi. Katika tangazo lake Molnar alimtaja Kolivas kuwa ndiye aliyeonyesha kwamba mgao wa haki unawezekana.

Linus Torvalds, mwenye neno la mwisho, alichukua ya Molnar, nayo ikatoka katika toleo la 2.6.23 mwezi Oktoba mwaka huo. Kolivas akaiacha kazi ya keneli. Wengi waliumia kwa niaba yake, na mpaka leo wapo wanaosema alidhulumiwa, kwamba wazo lake liliingia ndani na mwenyewe akaachwa mlangoni. Kilichonivuta katika kisa hiki ni sababu aliyoitoa Torvalds. Hakusema msimbo wa Kolivas, yaani maandishi ya programu yake, ulikuwa mbovu. Alisema kwamba watu walipoleta taarifa kuwa kwenye kompyuta zao mambo yameharibika zaidi, Kolivas alibishana nao badala ya kushughulikia tatizo, na kwamba yeye anamtaka mtunzaji anayeweza kutegemewa kujibu taarifa za namna hiyo.

Kila mwaka vijana wanaomaliza kozi za kompyuta huuliza kama kipaji cha kiufundi kinashinda uwezo wa kuishi na watu, na kila mwaka hupewa majibu ya aina mbili. Kuna anayewaambia kwamba msimbo ndio kila kitu, hayo mengine waachiwe watu wa mauzo. Kuna na yule wa kwenye semina, anayewaambia kwamba waajiri hutazama tabia kwanza, kwa hiyo wajifunze kutabasamu, kujinadi na kumtazama mtu machoni. Naamini wote wawili wanawapoteza. Katika kazi hii, uwezo wa kuishi na watu unaohesabika hasa ni namna mtu anavyopokea habari ya kasoro na namna anavyoifikisha kwa wengine. Uwezo huo umeshikamana na ufundi kiasi kwamba ukijaribu kuutenga utajikuta umeubomoa na ufundi wenyewe.

Mzigo unaokuja na msimbo

Mtu wa nje hudhani programu huandikwa, ikaisha, ikaanza kutumika. Walio ndani wanajua kwamba kuandika ndiyo sehemu fupi. Linux aliianza Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Leo ina mistari ya msimbo inayohesabiwa kwa makumi ya mamilioni, toleo jipya hutoka kila baada ya wiki 9 au 10, na katika kila toleo kuna mchango wa watu zaidi ya elfu moja, wengi wao hawajawahi kuonana. Kila kiraka, yaani kipande cha mabadiliko ya msimbo, kinachopokelewa kitahitaji mtu wa kukielewa mwaka ujao, pale kifaa kipya kitakapoingia sokoni na kukivuruga. Anayepokea kiraka kutoka kwako anapokea pia maswali yatakayofuata, na ana haki ya kujua mapema kama utakuwepo kuyajibu na utayajibu kwa moyo gani.

Ndiyo maana kipimo alichotumia Torvalds naona kilikuwa sahihi, hata kama hukumu yenyewe inaweza kupingwa. Mimi kwa upande wangu naona Kolivas, mtu wa nje ambaye riziki yake ilikuwa hospitalini, hakupewa nafasi ya kutosha kuonyesha kwamba angeweza kubadilika. Lakini swali aliloulizwa lilikuwa la haki, na lilikuwa la kiufundi. Programu inayogawa muda wa prosesa haiwezi kujaribiwa yote kwenye meza ya mtu mmoja, kwa sababu kuna mamilioni ya kompyuta zenye mchanganyiko wa vifaa ambao hutakaa uuone. Njia pekee ya kujua inavyofanya kazi huko ni watu kukuambia. Ukiwavunja moyo wanaokuambia, umejiziba macho.

Fred Brooks, aliyesimamia kazi ya kutengeneza mfumo wa OS/360 wa IBM katika miaka ya 1960, alieleza mwaka 1975 kwa nini mradi uliochelewa ukiongezewa watu huchelewa zaidi. Hesabu yake ni rahisi. Watu 5 wana jozi 10 za kuelewana. Watu 10 wana jozi 45. Watu 50 wana jozi 1,225, na katika kila jozi kuna nafasi ya mmoja kudhani mwenzake anajua jambo ambalo hajui. Msanidi hodari anaweza kupunguza idadi ya watu wanaohitajika, na hapo ndipo kipaji kina thamani kubwa sana, lakini hata yeye atabaki na jozi zake za kuhudumia.

Vipi kuhusu Torvalds mwenyewe?

Hapa wapenzi wa kipaji kitupu huinua mkono, na wana hoja. Torvalds alijulikana kwa maneno makali. Alitukana viraka vya watu hadharani, na mara nyingine aliwatukana walioviandika. Mwaka 2015 mtunzaji mmoja wa upande wa USB alieleza wazi kwamba ameondoka kwa sababu ya lugha inayotumika humo. Na bado Linux inaendesha sehemu kubwa ya seva za dunia, iko ndani ya kila simu ya Android, na tangu mwaka 2017 kompyuta zote 500 zilizo kwenye orodha ya zenye nguvu kuliko nyingine duniani zinaitumia. Kama mtu mkali amefika hapo, adabu ina kazi gani?

Nadhani wanaomtumia kama mfano huwa wanaona nusu ya mtu. Tazama alichokifanya mwaka 2005. Keneli ilikuwa inatunzwa kwa programu ya kampuni binafsi iitwayo BitKeeper, iliyotolewa bure kwa masharti. Ukazuka ugomvi kuhusu masharti hayo na ruhusa ya bure ikaondolewa. Mwezi Aprili Torvalds akakaa chini akaandika programu mbadala iitwayo Git, na baada ya siku chache tu ilikuwa inaweza kutunza msimbo wake yenyewe. Huo ni ufundi wa hali ya juu. Ila angalia programu hiyo inafanya nini: inamruhusu mtu yeyote achukue nakala nzima ya kazi, aibadilishe kwake bila kumwomba mtu, kisha arudishe mabadiliko yake huku historia ikionyesha nani alifanya nini na lini. Mtu asiyeelewa namna watu wasiofahamiana wanavyoweza kufanya kazi pamoja hawezi kubuni kitu cha namna hiyo. Na mwezi Julai mwaka huohuo aliikabidhi Git yote kwa Junio Hamano, ambaye ameitunza tangu wakati huo. Kumkabidhi mtu kazi yako bora baada ya miezi mitatu na ushee, ukaenda zako bila kumrudia kila wiki kumsahihisha, ni jambo ambalo mameneja wengi wapole wenye maneno matamu hawaliwezi.

Alikuwa pia na wasaidizi aliowaamini, kila mmoja na sehemu yake, na aliandika barua ndefu zilizoeleza kwa nini anakataa alichokikataa. Kwa hiyo alikuwa dhaifu katika jambo moja la watu na imara katika mengine matatu au manne. Udhaifu ule ulikuwa na gharama, na aliyeikiri ni yeye mwenyewe. Tarehe 16 Septemba 2018 aliomba radhi kwa watu ambao tabia yake iliwaumiza na pengine kuwafukuza kabisa kwenye kazi ya keneli, akachukua mapumziko, na toleo la 4.19 likamaliziwa na Greg Kroah-Hartman. Mwezi Oktoba alirudi. Tukitaka kuhesabu alivyofanikiwa, tuhesabu na viraka ambavyo havikuandikwa kamwe kwa sababu waliokuwa na uwezo wa kuviandika walisoma majibu waliyopewa wenzao, wakafunga kompyuta.

Imani hii ilianzia wapi

Picha ya mwandishi wa programu kama mtu asiyependa watu haikuanguka kutoka mbinguni. Miaka ya 1960 mashirika ya Marekani yalikuwa yanahitaji waandishi wa programu wengi kwa haraka na hayakujua namna ya kuwachagua. Wanasaikolojia wawili, William Cannon na Dallis Perry, waliwahoji waandishi wa programu 1,378, wanawake wakiwa wachache sana miongoni mwao, na mwaka 1966 wakachapisha kipimo chao. Moja ya mambo waliyohitimisha ni kwamba watu hao hupenda mafumbo ya kila aina na hawapendi shughuli za kukaa karibu na watu. Kipimo kikaingia kwenye ofisi za kuajiri. Ukitumia kwa miaka mingi kipimo kinachowatafuta wasiopenda watu, utawapata, na baada ya kizazi kimoja utasema ndivyo kazi ilivyo. Miaka 20 tu kabla ya hapo, walioipangia ENIAC, moja ya kompyuta za kwanza za kielektroniki, mahesabu yake walikuwa wanawake sita waliofanya kazi bega kwa bega, wakichambua michoro ya mashine na kuulizana.

Imani ya pili ni ile ya msanidi mmoja anayewazidi wenzake mara kumi. Chimbuko lake ni utafiti wa Sackman, Erikson na Grant uliochapishwa mwaka 1968. Walishirikisha wazoefu 12, na katika kipimo kimoja cha kusaka kasoro wa mwisho alitumia muda mara 28 ya wa kwanza. Tofauti za uwezo zipo, na yeyote aliyefanya kazi hii amewaona watu wanaomaliza kwa saa moja kile kilichowashinda wengine wiki nzima. Lakini watu 12 ni wachache mno kujengea sheria, na hawakuwa wote wakifanya kazi katika mazingira na lugha moja. Aidha, kilichopimwa ni mtu na tatizo lake peke yao chumbani. Hakikupimwa kama mtu huyo angemsikiliza nesi anayempigia simu kusema mashine inafanya jambo la ajabu.

Nesi huyo si wa kubuni sana. Kati ya mwaka 1985 na 1987 mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25, iliyotengenezwa na shirika la AECL la Kanada, iliwachoma wagonjwa sita kwa dozi kubwa mno kupita walizoandikiwa, na wasiopungua watatu walikufa kwa madhara yake. Programu yake kwa sehemu kubwa ilikuwa kazi ya mtu mmoja. Mashine zilizoitangulia zilikuwa na vizuizi vya chuma na umeme ambavyo vingezuia dozi mbaya hata programu ikikosea. Katika Therac-25 vizuizi hivyo viliondolewa, programu ikaaminiwa peke yake. Hospitali zilipouliza, jibu lililokuwa likirudi ni kwamba jambo hilo haliwezekani.

Machi 1986, katika hospitali moja ya saratani mjini Tyler, Texas, mgonjwa alihisi kama amepigwa na umeme akiwa mezani. Kwenye kioo cha mwendeshaji kulikuwa na maneno "Malfunction 54", ambayo hayakueleza chochote. Wahandisi walikuja, wakajaribu, hawakuona kitu. Mashine ikarudi kazini. Mwezi uliofuata mgonjwa wa pili alipigwa vivyo hivyo, na maneno yakawa yaleyale. Safari hii mwanafizikia wa hospitali, Fritz Hager, aliizima mashine na kukaa na yule mwendeshaji aliyekuwapo mara zote mbili. Walirudia kila alichokifanya, tena na tena, mpaka wakaipata. Mwendeshaji yule alikuwa ameizoea kazi na vidole vyake vilikuwa vyepesi. Alipokosea herufi ya aina ya mionzi, alipandisha kishale, akasahihisha na kuendelea kabla mashine haijamaliza kupanga sumaku zake, shughuli iliyochukua sekunde 8 hivi. Katika dirisha hilo dogo, sehemu moja ya programu ilijua kuhusu marekebisho na nyingine haikujua. Hager aliwapigia watengenezaji. Nao wakajaribu, wakashindwa kuiona kasoro, mpaka walipoambiwa kwamba lazima uandike haraka.

Nimerefusha hapa kwa makusudi, maana sijui mfano unaoonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Kasoro ilikuwa ya kiufundi tupu, ya aina inayofundishwa vyuoni kila muhula. Kuigundua kulihitaji mtu mwenye maarifa ya kiufundi akae kando ya mtu asiye nayo, aamini anachosema, na amwombe arudie kwa mwendo wake wa kila siku. Mwendeshaji ndiye aliyekuwa na habari. Waliotengeneza mashine walikuwa na kila kitu isipokuwa hiyo habari, nao wangeipata mapema zaidi kama swali lao la kwanza lingekuwa "unafanyaje ukiwa peke yako?" badala ya kutoa uhakikisho.

Utu wema nao unaweza kutumiwa vibaya

Kisa cha mwaka 2024 kinaelekea upande wa pili, na yeyote anayehubiri kwamba tabia njema inatosha angepaswa kukisoma. Kuna programu ndogo ya kubana mafaili, xz, inayopatikana karibu kwenye kila kompyuta ya Linux. Ilikuwa inatunzwa na Lasse Collin wa Ufini karibu peke yake, kwa kujitolea. Mwaka 2021 akatokea mchangiaji aliyejiita Jia Tan. Alikuwa mpole, mvumilivu, mwenye msaada. Mwaka uliofuata majina mengine yasiyojulikana yalianza kumshinikiza Collin kwamba kazi inakwenda polepole na amwachie mtu mwingine. Collin alikuwa ameeleza kwamba afya yake si nzuri na kwamba kazi hii haimlipi. Kidogo kidogo Jia Tan akapewa mamlaka. Mwanzoni mwa 2024, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka yakiwa yamefichwa mlango wa siri ambao ungemwezesha mwenye ufunguo kuingia kwenye seva za watu kwa mbali.

Uwezo wa Jia Tan wa kuishi na watu ulikuwa mkubwa kuliko wa wengi wetu. Alijua kusubiri na kushukuru, na alijua kumbebea mzigo mtu aliyechoka. Waliomwamini hawakuwa na kosa la kuamini. Aliyeokoa jahazi ni Andres Freund, msanidi wa programu ya hifadhidata ya PostgreSQL aliyeajiriwa na Microsoft, aliyegundua kwamba kuingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kawaida ya kuingia kwa mbali, kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida na kula nguvu nyingi ya prosesa. Watu wengi wangeiacha nusu sekunde ipite. Yeye aliifuatilia hadi ndani kabisa ya xz, na tarehe 29 Machi 2024 akaweka hadharani alichokipata. Udadisi wa namna ile haupatikani kwenye semina ya mawasiliano. Unatoka kwenye miaka ya kuujua mfumo mpaka ukahisi unapobadilika.

Lakini hata yeye hakuishia kwenye kugundua. Aliandika taarifa iliyopangwa vizuri: nini ameona, kwa hatua zipi, matoleo gani yameathirika, wapi hana uhakika. Kwa sababu hiyo watu wanaoandaa na kusambaza matoleo mbalimbali ya Linux duniani walichukua hatua siku hiyohiyo bila kupoteza muda kubishana kama ni kweli.

Kwetu shida ni ukimya

Mijadala mingi kuhusu suala hili huandikwa na Wamarekani, na adui wao ni yule hodari mwenye kiburi. Kwetu Afrika Mashariki watu hao wapo, ila kwa ninavyoona si wao wanaotugharimu zaidi. Kinachotugharimu ni adabu inayonyamaza. Kijana wa mwaka wa kwanza kazini anaona kwamba msimbo wa mkubwa wake una tundu, naye anajiuliza nitamwambiaje kaka. Mteja anauliza kama mfumo utakuwa tayari Ijumaa, na chumba kizima kinachojua kwamba hautakuwa tayari kinaitikia ndiyo. Kwenye kikao kila mtu anatikisa kichwa, kisha maswali ya kweli yanaulizwa nje, kwenye chai. Ukimtazama kijana huyo kwa vipimo vya kwenye semina, ana kila alama: mnyenyekevu, msikivu, anaelewana na wote. Ila habari ya kasoro imefika kwake na imekufa kwake.

Sisemi tuache heshima. Heshima yetu ni mali na sioni sababu ya kuibadilisha na ukali wa watu wengine. Ninachosema ni kwamba inaweza kubeba habari ngumu ikitakiwa kufanya hivyo. Kijana wa Dar es Salaam anayehakiki msimbo wa mkubwa wake anaweza kuandika hivi: "Shikamoo kaka. Mstari wa 84 unatumia jina la mteja kabla halijakaguliwa. Nimejaribu kwa jina tupu, programu imezima. Hatua nilizofuata ziko hapa chini." Salamu iko mahali pake, kasoro imesemwa bila kuzungushwa, na ushahidi upo. Hakuna aliyevunjiwa heshima. Na mkubwa akijibu "Marahaba, umeona vizuri, narekebisha", amewafundisha wote wanaosoma kwamba katika timu hii ni salama kusema. Wajibu mkubwa uko kwake kuliko kwa kijana, maana jibu lake la kwanza ndilo linaloamua kama kutakuwa na taarifa ya pili.

Na tunao mfano wetu wa watu waliopokea vizuri habari wasiyoitarajia. M-Pesa haikubuniwa kwa kutuma pesa nyumbani. Jaribio lake lililoanza Oktoba 2005 nchini Kenya, kati ya Vodafone, Safaricom na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, lilikusudia kuwawezesha wakopaji kulipa marejesho kwa simu. Waliosimamia, akiwamo Susie Lonie aliyekuwa Nairobi, waliona watu wakiutumia mfumo kwa mambo mengine: kutumiana pesa, kumnunulia mtu wa mbali muda wa maongezi, kuweka fedha kabla ya safari na kuzitoa wafikapo ili wasitembee nazo. Wangeweza kuyahesabu hayo kuwa matumizi mabaya na kuyazuia. Badala yake waliweka kando mambo ya marejesho ya mikopo, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilihusu kutuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata ikaingia Tanzania kupitia Vodacom. Msimbo ulihitaji kuwa imara, nani atakubali pesa zake zipotee njiani? Lakini hakuna kiasi cha ustadi wa msimbo ambacho kingewaambia waliokuwa ofisini kwamba msafiri anaogopa kubeba noti mfukoni.

Katika safari ya kazi

Uzito wa vitu hivi viwili haubaki uleule maisha yote. Mwanzoni ufundi ndio mlango, na nisingependa kijana yeyote aambiwe vinginevyo. Mwaka 2019 Andela, kampuni iliyokuwa ikiwafundisha vijana wa Kiafrika na kuwaunganisha na waajiri wa ng'ambo, iliwaachisha kazi wasanidi wachanga takriban 400 Nigeria, Kenya na Uganda, ikieleza kwamba soko linataka wazoefu. Wachanga wale hawakukosa adabu wala kujieleza. Waliokuwa wakitafutwa ni watu waliokwisha kubeba mifumo mikubwa. Kipindi hicho cha mwanzo, saa nyingi ziende kwenye kusoma msimbo wa wengine na kuvunja na kujenga.

Baadaye mizani huhama. Mtu wa miaka minane kazini haandiki msimbo mwingi kuliko wa miaka mitatu. Anaamua nini kisiandikwe, anasoma viraka vya wengine, anamweleza mhasibu kwa nini ripoti itachelewa. Mchumi David Deming alionyesha mwaka 2017 kwamba kati ya 1980 na 2012 sehemu ya ajira za Marekani zinazohitaji sana kushirikiana na watu iliongezeka kwa karibu asilimia 12 ya ajira zote, huku zile za hesabu nyingi na ushirikiano mdogo na watu zikipungua, na kwamba ajira na mishahara vilikua zaidi pale vyote viwili vilipohitajika pamoja. Takwimu hizo ni za nchi moja na kazi za kila aina, lakini zinafanana na ninachokiona kwa wenzangu waliopanda na waliokwama.

Mkimya asiogope. Sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kwa maandishi, hasa kwa wanaofanyia kazi timu za mbali wakiwa Arusha au Kisumu, na maandishi humpa mtu muda wa kufikiri. Nimewajua wasiosema maneno kumi kwa siku ambao taarifa zao za kasoro zilikuwa raha kuzisoma. Asiye na ajira bado anaweza kuanza na hilo leo. Achague programu huria, ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, anayoitumia kila siku, asubiri imkwaze, kisha awaandikie watunzaji wake: toleo gani, alifanya nini hatua kwa hatua, alitarajia nini, akaona nini. Wakimuuliza maswali, ajibu siku hiyohiyo. Wakimwambia amekosea, ajaribu tena kama walivyomwelekeza na aseme kwa uaminifu alichokiona. Mazungumzo hayo yatabaki hadharani yakiwa na jina lake, na siku ya usaili anaweza kumpa msaili kiungo chake asome.